Tathmini: Cheti cha uasili kwa vifaa vya nishati kinalipa kwenye nyaya, transfoma na betri za magari, si kwenye paneli

Waagizaji wengi wa vifaa vya umeme hutumia cheti cha uasili wa bidhaa, yaani hati inayothibitisha bidhaa imetengenezwa nchi gani, kwa mazoea. Mmoja anamtaka muuzaji akipate kwa kila mzigo, hata pale ambapo hakimpunguzii shilingi. Mwingine analipa ushuru kamili wa nyaya zilizotengenezwa nchi jirani, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba cheti kingeufuta. Hapa tunakitathmini cheti hicho kama huduma: kinakupa nini, kinakudai nini, kinakwama wapi, na kwa bidhaa zipi za nishati kinastahili usumbufu wake. Mikataba tuliyoipitia ni Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika (COMESA), Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) na Eneo Huru la Biashara Barani Afrika (AfCFTA). Mikataba na Ulaya na Imarati (Falme za Kiarabu) tumeigusa kwa ufupi.

Kabla ya kulipia cheti chochote, fanya hesabu moja. Chukua ushuru wa kawaida wa bidhaa hiyo, toa ushuru wa upendeleo uliomo kwenye mkataba. Kinachobaki ndicho mkataba unachokupa. Kikibaki sifuri, hakuna mkataba utakaokusaidia, hata karatasi ziwe na mihuri mingapi.

Ndani ya EAC ushuru wa kawaida unatoka kwenye Ushuru wa Pamoja wa Forodha. Una madaraja manne: 0% kwa malighafi na mitambo, 10% kwa bidhaa za kati, 25% kwa bidhaa zilizokamilika, na tangu tarehe 1 Julai 2022, 35% kwa bidhaa ambazo kanda inaaminika kuzitengeneza kwa wingi wa kutosha. Bidhaa yenye uasili wa EAC hulipa 0%. Kwa hiyo cheti kwenye bidhaa ya daraja la 25% kina thamani ya robo ya bei ya CIF (bei ya bidhaa pamoja na bima na usafiri), na kwenye bidhaa ya daraja la sifuri hakina thamani yoyote.

Tuchukue mzigo wa dola 20,000 CIF unaoingia Tanzania, bidhaa ya daraja la 25% isiyo na msamaha wa VAT. Bila cheti: ushuru dola 5,000, kisha VAT ya 18% juu ya dola 25,000, yaani 4,500. Jumla 9,500. Ukiwa na cheti: ushuru sifuri, VAT dola 3,600. Tofauti ni dola 5,900. Kama umesajiliwa VAT, zile 900 utazirudisha baadaye kwenye ritani, hivyo akiba ya kweli ni 5,000, lakini fedha ya mkononi siku ya kutoa mzigo ni 5,900 kamili, na hiyo ndiyo inayomkwamisha mfanyabiashara bandarini. Tozo nyingine, kama ile ya kuchakata forodha Tanzania ya 0.6% ya FOB (bei ya bidhaa kabla ya bima na usafiri) na tozo ya reli, zinasimamiwa na sheria zake. Usidhani cheti kinazifuta zote. Muulize wakala wa forodha akuonyeshe kila tozo kwa mstari wake kabla hujalipa.

Paneli za sola

Hapa ndipo cheti kinapopata alama za chini kabisa, na si kwa kosa lake. Paneli ziko msimbo wa 8541.43 tangu toleo la 2022 la HS, mfumo wa kimataifa wa misimbo ya bidhaa (zamani zilikuwa 8541.40 pamoja na taa za LED zisizofungwa), na kwenye Ushuru wa Pamoja wa Forodha zinaingia kwa 0% zitokako popote. Paneli ya kiwanda cha Solinc cha Naivasha na paneli iliyoshuka Dar es Salaam kutoka China zinalipa ushuru ule ule. Cheti cha EAC hakina cha kupunguza.

Ukiangalia kwa makini zaidi, mambo ni mabaya zaidi kwa mtengenezaji wa ndani. Kioo, fremu za alumini na karatasi za kufunika seli, visipopata msamaha, vinalipiwa ushuru wa daraja lake, huku paneli iliyokamilika ikiingia bure. Ushuru wa malighafi ukizidi ule wa bidhaa iliyokamilika, kiwanda kinaadhibiwa kwa kufanya kazi. Na hata siku ushuru wa paneli ukipandishwa, kuna tatizo la uasili. Seli zilizoagizwa zina msimbo 8541.42, paneli 8541.43. Kichwa, yaani tarakimu nne za mwanzo, ni kile kile, 8541. Kigezo cha kubadilika kwa kichwa cha msimbo, kinachotaka malighafi iliyoagizwa iwe na kichwa tofauti na cha bidhaa, na ambacho mikataba mingi inakitumia, hakitimii. Mtengenezaji wa paneli analazimika kuthibitisha uasili kwa hesabu ya thamani, na seli ndizo sehemu kubwa ya gharama yake. Anayetaka kujenga kiwanda cha paneli Afrika Mashariki aanze na mstari huu wa kanuni kabla hajanunua mashine.

Bei ya paneli zenyewe inayumba kwa sababu nyingine kabisa. China ilipopunguza marejesho ya VAT kwa wauzaji wa nje wa paneli kutoka 13% hadi 9% tarehe 1 Desemba 2024, hatua hiyo iliwagusa waagizaji wa Afrika Mashariki kuliko mkataba wowote wa kanda.

Kuna mtego mmoja wa kiufundi unaostahili kuelezwa vizuri. Fungua kisanduku cha nyaya kilicho nyuma ya paneli. Utakuta diodi mbili au tatu zinazouruhusu umeme kuzikwepa seli zilizo kivulini. Hizo haziibadilishi paneli, inabaki 8541. Lakini paneli ikiwa na kifaa kinachoelekeza umeme moja kwa moja kwenye matumizi, kama diodi ya kuzuia umeme usirudi au kidhibiti cha kupeleka umeme kwenye pampu, maelezo ya Shirika la Forodha Duniani yanaihamishia kichwa cha 8501, kama jenereta: 8501.71 ikiwa haizidi wati 50, na 8501.72 ikizidi. Paneli ndogo za kupigia chaji simu na zile za pampu ndogo za maji huangukia hapo bila mwagizaji kujua. Muuzaji wa China akiandika 8541.43 kwenye ankara na afisa akakuta kidhibiti kimefungwa nyuma ya paneli, mzigo unasimama. Mwombe muuzaji mchoro wa kisanduku hicho kabla ya kuagiza, kisha uombe uamuzi wa awali wa forodha, yaani jibu la maandishi kuhusu msimbo kabla mzigo haujafika. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, unataka nchi wanachama zitoe huduma hiyo, na ni mojawapo ya huduma zisizotumiwa ipasavyo.

Seti za nyumbani za sola nazo zina mambo yake. Paneli, betri, balbu tatu na redio vikiwa kwenye boksi moja la kuuzia, vinaweza kuhesabiwa kama seti moja kwa kanuni ya 3(b) ya kupanga misimbo ya HS, kwa kufuata kile kinachoipa seti sura yake. Televisheni iliyofungashwa peke yake itaangaliwa peke yake na kutozwa kama televisheni. Halafu kuna wanaoagiza vipande vyote kutoka nje, wakavipanga kwenye boksi jipya Arusha au Thika, wakaomba cheti cha EAC ili wauze nchi jirani. Hawatapata. Kufungasha, kubandika lebo, kupaka rangi na kuunganisha vipande kwa urahisi ni kazi ambazo mikataba yote minne inasema hazitoi uasili.

Betri: hapa kanuni zinauma

Betri ya risasi ni bidhaa iliyokamilika na hukaa daraja la juu, kwa hiyo cheti kina uzito wa kweli. Kenya ilipotuma mzigo wake wa kwanza Ghana chini ya AfCFTA, Septemba 2022, zilikuwa betri za Exide zilizotengenezwa Nairobi na Associated Battery Manufacturers. Haikuwa bahati kwamba betri zilitangulia. Ni bidhaa yenye soko, yenye ushuru mkubwa unaoweza kuondolewa, na yenye malighafi inayopatikana hapa hapa.

Malighafi hiyo ni risasi iliyoyeyushwa kutoka betri chakavu. Kanuni za uasili kwa kawaida huhesabu chakavu kilichokusanywa nchini, kisichofaa ila kurejeshwa kuwa malighafi, kuwa ni mali ya nchi hiyo kikamilifu, hata kama betri ya awali ilitoka Korea. Jambo hilo moja hugeuza hesabu yote. Chini ya COMESA, bidhaa inaweza kupata uasili thamani iliyoongezwa nchini ikifikia angalau 35% ya gharama ya kiwandani. Mfano wa hesabu tu: betri inagharimu dola 60 kiwandani. Risasi, vitenganishi, plastiki na antimoni vikiagizwa kwa dola 42 CIF, thamani iliyoongezwa ni dola 18, yaani 30%. Imeshindwa. Dola 20 za risasi zikitoka kwenye chakavu cha ndani, vilivyoagizwa vinabaki dola 22, na thamani iliyoongezwa inapanda hadi 63%. Betri ile ile, mashine zile zile.

Kwa nini wasitumie tu kigezo cha kubadilika kwa kichwa cha msimbo? Kwa sababu bamba na vitenganishi ni sehemu za betri, msimbo 8507.90, na betri ni 8507. Ukiagiza kitenganishi tu, umeshaingiza kitu cha kichwa kile kile. Betri za lithiamu ziko pabaya zaidi: seli za lithiamu zina msimbo 8507.60, pakiti iliyofungwa nayo ni 8507.60. Anayeunganisha pakiti kwa seli za kuagiza anabaki na njia ya thamani pekee, na seli zinamla karibu gharama yote. Matangazo ya pakiti za lithiamu zilizounganishwa hapa ni mengi. Kabla ya kununua kwa kutegemea cheti, mwombe muuzaji mchanganuo wa gharama, si kauli.

EAC kwa upande wake ina Kanuni za Uasili za mwaka 2015, zenye orodha ya masharti kwa kila bidhaa. Jibu la COMESA usilipeleke EAC kama lilivyo, wala la EAC usilipeleke AfCFTA.

Sasa, msamaha. Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya EAC ya 2004 linasamehe ushuru kwa vifaa maalumu vya kuzalisha umeme wa jua na upepo, zikiwemo betri za sola ambazo mafundi huziita deep cycle. Msamaha huo hauulizi bidhaa imetoka wapi. Betri ya sola kutoka Shenzhen inaupata sawa na ya Nairobi. Maana yake ni kwamba kwa betri za sola mkataba wa kanda unapoteza makali yake, kwani tofauti inarudi sifuri. Cheti kinafanya kazi pale msamaha usipofika: betri za magari, za pikipiki, za minara ya simu isiyotumia sola, za mitambo ya kuhifadhi umeme maofisini. Ndiyo maana kwenye kichwa cha tathmini hii tumesema betri za magari.

Msamaha wenyewe una udhaifu. Vitu vyenye matumizi mengi, kama nyaya za kawaida, swichi, feni na vibanio, huulizwa sana kwa sababu haviko kwa ajili ya sola peke yake. Maneno ya jedwali yamebadilishwa zaidi ya mara moja kupitia Gazeti la EAC. Ukiwa na betri ya sola iliyotengenezwa ndani ya kanda, chukua cheti pia na ukiweke kwenye faili la mzigo. Msamaha ukibishaniwa, unadai upendeleo wa mkataba badala ya kulipa na kusubiri.

Nyaya, transfoma, mitungi, majiko

Kundi hili ndilo tunalolipatia alama za juu, na tunashangaa kwa nini halizungumzwi. Nyaya za umeme ni kichwa cha 8544. Zinatengenezwa kwa nondo za shaba (7407) au waya wa shaba (7408) na plastiki ya PVC (3904). Vichwa vyote vinabadilika, hakuna hesabu ya thamani ya kubishania. Kwa kigezo cha aina hiyo, mtengenezaji kama East African Cables wa Nairobi hana la kuhangaika. Shaba ya Zambia inaongeza faida nyingine. Zambia na Kenya zote ziko COMESA, hivyo kwenye soko la COMESA shaba hiyo inahesabiwa kama ya ndani. Kwenye EAC haihesabiwi, maana Zambia si mwanachama.

Transfoma za kusambaza umeme, kama zile za TANELEC ya Arusha, ni 8504.21 kwa zile za mafuta zisizozidi kVA 650. Chuma cha kiini kikiagizwa kama roli (7225 au 7226) na kukatwa kiwandani, kichwa kinabadilika. Kikiagizwa kimeshakatwa kwa umbo lake, kinakuwa sehemu ya transfoma, 8504.90, na kichwa hakibadiliki tena. Mashine moja ya kukata chuma ndiyo inayoamua kama transfoma ina uasili. Anayenunua kwa zabuni ya shirika la umeme aiulize kampuni: chuma kinafikaje, roli au vipande?

Mitungi ya gesi (7311) inatoka kwenye bati la chuma (7208), na majiko banifu ya kuni au mkaa (7321) yanatoka kwenye bati na udongo wa hapa. Yote yanapita kirahisi. Kwa majiko, wafanyabiashara wadogo wana njia nyepesi: cheti rahisi cha EAC kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kinachotolewa pale pale mpakani, Namanga, Busia au Mutukula. Kinafanya kazi vizuri kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha. Usigawe mzigo wa dola 6,000 kuwa mitatu kwa siku moja. Maafisa wanalijua hilo, na mzigo wote utageuzwa kuwa tamko la kawaida.

Jinsi ya kukipata, na kinapokwama

Anayeomba cheti ni muuzaji aliyeko nchi ambako bidhaa imetengenezwa. Wewe mnunuzi huwezi kukiomba. Kwa hiyo sharti la cheti liwekwe kwenye mkataba wa kununua, pamoja na kifungu kwamba kisipofika kabla ya mzigo, ushuru utakatwa kwenye bei. Kenya vyeti vya EAC, COMESA na AfCFTA hutolewa na Mamlaka ya Mapato (KRA). Tanzania wasafirishaji wengi hupitia TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo. Muuzaji husajiliwa kwanza, huwasilisha mchanganuo wa gharama na chanzo cha kila malighafi, kiwanda kinaweza kukaguliwa, kisha kwa kila mzigo huomba cheti kwa ankara, orodha ya mizigo na tamko la kusafirisha nje.

Vyeti vingi hukataliwa kwa makosa ya uandishi. Msimbo wa cheti unasema 8544.49, tamko linasema 8544.42. Namba ya ankara imerekebishwa baada ya punguzo la bei lakini cheti kinabeba ya zamani. Maelezo yameandikwa «vifaa vya umeme» bila ukubwa, volti wala idadi. Kuna kufuta na kuandika juu bila saini na muhuri wa mtoaji. Au ankara imetoka kwa kampuni ya tatu, na jina kwenye cheti si lile lililo kwenye tamko. Keti na wakala wako, weka cheti, ankara na rasimu ya tamko mezani kwa pamoja, soma mstari kwa mstari kabla gari halijaondoka kiwandani. Kosa likigundulika mpakani, marekebisho yanarudi hadi kwa mtoaji, na gharama ya kuegesha gari inaanza kuhesabika.

Usafirishaji nao unahukumiwa. Bidhaa inapaswa kutoka eneo la mkataba moja kwa moja, au ibaki chini ya usimamizi wa forodha njiani. Na kununua Dubai hakuifanyi bidhaa kuwa ya Imarati. Inveta ya China iliyokaa ghala la Jebel Ali ina uasili wa China, hata ankara iwe ya Dubai. Kenya ilisaini mkataba mpana wa kiuchumi na Imarati tarehe 14 Januari 2025, na wapo wanaoutarajia ushushe bei ya kila kitu kinachotoka Dubai. Mkataba wa namna hiyo unahusu kilichotengenezwa Imarati.

Jambo jingine ambalo wajenzi wa viwanda hulikosa: kiwanda kilicho ndani ya eneo la usindikaji kwa mauzo ya nje (EPZ) kinachukuliwa kwamba kinauza nje ya kanda. Bidhaa yake ikiuzwa ndani ya EAC inatozwa ushuru kamili wa pamoja, na kiasi kinachoruhusiwa ni hadi 20% ya uzalishaji wa mwaka. Mwenye nia ya kuuza transfoma Uganda na Rwanda asijenge EPZ kwa kuvutiwa na misamaha ya kodi.

Vile vile malighafi zilizopata unafuu wa ushuru. Kila mwaka, kwenye Gazeti la EAC linalotoka pamoja na bajeti za Juni, nchi moja moja huruhusiwa kutumia kiwango tofauti kwa mwaka mmoja, kuanzia tarehe 1 Julai. Bidhaa iliyotengenezwa kwa malighafi hiyo inaweza kukataliwa upendeleo nchi jirani. Mwaka 2018 Tanzania ilitoza peremende za Kenya 25% kwa hoja kwamba sukari yake iliagizwa kwa unafuu. Leo ni peremende, kesho ni nyaya zilizotengenezwa kwa waya wa alumini wenye unafuu. Muulize muuzaji kama malighafi yake ina unafuu wowote wa mwaka huo, na umtake aandike.

Mkataba upi?

Kwa anayefanya biashara kati ya Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, cheti cha EAC ndicho cha kwanza: ushuru ni sifuri tayari, maafisa wanakifahamu, na mfumo wa himaya moja ya forodha unaruhusu kutozwa mzigo kabla haujaondoka bandarini. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, hivyo nyaya za Dar es Salaam kwenda Zambia au Malawi zinatumia SADC, na nyaya za Nairobi kwenda huko huko zinatumia COMESA. Mkataba wa utatu unaoziunganisha jumuiya hizi tatu ulianza kisheria tarehe 25 Julai 2024. Kwa sasa, kabla ya kuutegemea kwenye bei ya zabuni, pata uthibitisho wa forodha ya nchi unakopeleka kwamba imeshatangaza viwango vyake.

AfCFTA ni ya masoko ambayo hizi nyingine hazifiki, kama Ghana na Kamerun. Ina urahisi mmoja mzuri: mzigo usiozidi dola 5,000 unaweza kwenda kwa tamko la uasili la muuzaji mwenyewe, bila cheti. Lakini ushuru wake hushuka kwa hatua. Kwa 90% ya bidhaa ni miaka 5, au 10 kwa nchi zenye maendeleo madogo, na 7% nyingine zilizowekwa kama nyeti zina miaka 10 au 13. Betri au transfoma ikiwa kwenye orodha nyeti ya nchi unakopeleka, punguzo la mwaka huu linaweza kuwa dogo au lisiwepo. Angalia ratiba ya nchi hiyo kwa msimbo, kwa mwaka.

Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya, unaotumika tangu tarehe 1 Julai 2024, unafungua soko la Ulaya mara moja kwa bidhaa za Kenya, lakini Kenya inafungua lake polepole, kwa kipindi kinachofika miaka 25. Anayeagiza inveta za Ujerumani asipange bei ya mwaka huu kwa kuutegemea.

Mafuta na umeme

Kwa petroli na dizeli, tathmini ni fupi: mikataba haisaidii. Chukua mchanganuo wa bei ambao EPRA, mdhibiti wa nishati wa Kenya, hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Utakuta ushuru wa bidhaa, tozo ya matengenezo ya barabara ya shilingi 25 kwa lita tangu Julai 2024, tozo ya maendeleo ya petroli ya shilingi 5.40, tozo ya reli, ada ya tamko la uagizaji na VAT ya 16%. Ushuru wa forodha, ambao ndio pekee mkataba wa biashara huria unaupunguza, haumo. Tanzania nako bei kikomo za mdhibiti wa nishati, EWURA, za Jumatano ya kwanza ya mwezi zimebeba kodi na tozo za ndani. Gesi ya kupikia inathibitisha hilo kwa upande wa pili: Kenya ilipotaka kupunguza mzigo wake mwaka 2023, iliiweka kwenye VAT ya sifuri na kuiondolea ada ya uagizaji na tozo ya reli kwa Sheria ya Fedha. Umeme unaopita kwenye laini ya kV 400 ya Isinya hadi Singida unauzwa kwa mikataba ya mashirika ya umeme, na cheti cha uasili hakina nafasi hapo.

Ukishalipa, bado una haki

Mzigo ukitozwa ushuru kamili kwa sababu cheti kilichelewa, maombi ya kurejeshewa yanapaswa kufika ndani ya miezi 12 tangu siku ya malipo. Baada ya hapo sheria ya EAC imefunga mlango. Kama forodha imekataa uasili au imebadilisha msimbo, omba mapitio kwa kamishna kwa maandishi ndani ya siku 30. Naye ana siku 30 za kujibu, na asipojibu ndani ya muda huo ombi linahesabika kuwa limekubaliwa. Tuma barua kwa njia inayoacha ushahidi wa tarehe ya kupokelewa, kwani hoja yote inasimama hapo. Ambatisha cheti, mchanganuo wa gharama wa muuzaji, picha za lebo za bidhaa, na kwa paneli, ule mchoro wa kisanduku cha nyaya. Nakala zihifadhiwe miaka mitano, za muuzaji na zako, maana ukaguzi baada ya mzigo kutoka unaweza kukufuata hadi wakati huo, na cheti kisicho na mahesabu nyuma yake hukataliwa kama vile hakikuwepo.